Mkaratusi Mweusi wa Mervyn Pascoe

Kila mji una watu wake wa kuulizwa mambo. Pale Moolarra, bomba likipasuka anaitwa Des Hocking. Ndoa ikipasuka haitwi mtu. Watu wananyamaza tu mpaka mmoja ahame. Na ukiwa na kijitawi cha mkaratusi usichokijua jina, unampelekea Mervyn Pascoe, nyumba ya tatu ukipita ghala la ngano, ile yenye geti lisilofungika.

Msomaji aliyezoea mkaratusi wa nguzo za umeme, ule mmoja mrefu usio na mambo mengi, asinicheke. Huku Australia mkaratusi ni mwenyeji, na iko mikaratusi ya aina kwa mamia, inafanana kama watoto wa baba mmoja waliovalishwa sare. Mtu anaweza kuzaliwa chini ya mti, akabembea juu yake, akaukata kuni uzeeni, na asijue mti unaitwaje. Wengi ndivyo wanavyoishi, wala hawapungukiwi na kitu.

Merv hakuweza kuishi hivyo. Miaka thelathini na tano alikuwa dereva wa greda wa halmashauri, na mtu anayesawazisha barabara za vumbi kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa anapata nafasi ya kutazama miti mpaka ichoke yeye asichoke. Watu walimletea matawi kwenye mifuko ya plastiki, kwenye kofia, mama mmoja kwenye bati la kuokea keki. Merv aliligeuza tawi, akapekecha jani na kulinusa, akachungulia vile vitunda vigumu kwa lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni, kisha akataja jina. Hakuwahi kusema "labda." Kama hajui alisema, "Niache nalo," na kesho yake alijua.

Wageni wa chama cha wapenda mimea na ndege, wanachama kumi na mmoja wakiwa wazima wote, aliwafundisha kwa utaratibu ule ule. Kwanza gome: je, gome la kukwaruza linapanda mpaka vitawi vya juu, au linaishia njiani na juu kukawa laini? Halafu jani, halafu tumba la ua, halafu kitunda. Na kabla ya hayo yote, sheria moja aliyoisema akiwa amenyoosha kidole:

"Usiokote kitu chini. Upepo unaleta, kasuku wanaleta, watu wanaleta. Chuma juu ya mti wenyewe, na kama hufiki, nenda nyumbani kanywe chai."

Sasa, kilomita tisa nje ya mji, juu ya kilima cha mawe, uko mti wenye kibao cha rangi ya udongo na benchi la mbao. Kibao kinasema: MKARATUSI MWEUSI. WA PEKEE KATIKA WILAYA HII. ULIGUNDULIWA NA M. PASCOE, 1987. Anayeijua miti atashangaa, na ndiyo sababu kibao kiliwekwa. Mkaratusi mweusi ni mti wa bondeni, wa kule kaskazini kwenye mto mkubwa wa Murray, kilomita mia mbili na zaidi, ambako maji yakifurika yanakaa wiki nzima bila kuulizwa. Juu ya kilima kikavu kama kile, katikati ya mikaratusi ya kijivu, hauna shughuli. Magazeti ya wilaya yaliandika. Chama kilioka keki yenye umbo la mti, ingawa ilitoka kama uyoga. Tangu hapo Merv akawa Merv.

Nami nakwambia lile ambalo Merv hakumwambia mtu kwa miaka thelathini na moja. Tawi lililoupa mti ule jina hakulichuma. Aliliokota.

Ilikuwa siku mbili baada ya Krismasi, yeye na mkewe Avis wakirudi kutoka kwa mama mkwe kule mtoni. Joto la kukaanga yai juu ya boneti, nzi wa kumwingia mtu mdomoni. Gari likachemka pale kilimani. Avis akashuka na kukaa juu ya sanduku la barafu kwenye kivuli cha mti mkubwa. Merv akashuka bondeni kutafuta maji ya rejeta na, kama kawaida yake, akakawia. Aliporudi, mkewe ameshaingia garini, miguu nje ya mlango. Nyuma ya ule mti, chini, akaona tawi bichi, vitunda vyake vimejaa, majani membamba ya rangi ya jivu lililopoa. Lilikuwa geni. Akainua macho: mti una mita ishirini na tano, tawi la kwanza liko juu ya kichwa cha mtu aliyepanda kichwa cha mtu. Hana ngazi. Avis anapiga honi. Basi akaliokota, akaikata kwa kisu ncha yake iliyovunjika, akalikunja ndani ya gazeti, na baada ya Mwaka Mpya akalituma kwa wataalamu wa Melbourne, pamoja na ramani na alama ya msalaba mahali mti ulipo.

Jibu likaja Februari: mkaratusi mweusi, bila shaka yoyote, hongera. Na kwa kuwa Merv alikuwa mtu wa halmashauri, wenzake wa karakana, watu ambao shimo la barabarani huliangalia miaka miwili kabla ya kuliziba, wakakisimika kibao ndani ya wiki tatu.

Machi ule mti ukachanua. Ukachanua siku moja na mikaratusi yote ya kijivu ya kilima kile, maua meupe yale yale, nyuki wale wale. Mweusi hauchanui Machi. Merv alisimama chini yake na darubini ya ndege, akaona matawi ya juu laini na meupe kama ya mikaratusi yote ya kijivu duniani, siyo ya kukwaruza kama ya mweusi, akakaa juu ya benchi jipya. Rangi bado inanata. Suruali ile hakuivaa tena.

Alikusudia kusema Jumatatu. Kweli kabisa, alikusudia. Lakini Jumatatu Glenys Rowe, katibu wa chama, alimpigia kumwambia shule inaleta watoto. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na mvua. Mtu akishaacha Jumatatu tatu zipite, ya nne haina tena mlango.

Watu watauliza, kwani wenzake hawana macho? Wanayo. Walikwenda kuutazama mti kila mwaka na kila mtu akaona kilichoandikwa. Ziara hiyo Merv aliipanga Julai, katikati ya baridi, akisema nyoka wamelala. Nyoka wamelala kweli, na maua pia. Aliyethubutu kuuliza mbona juu mti ni laini, Merv alimjibu, "Umri. Unapata upara kama mimi," na watu wakacheka wakarudi kwenye skonzi.

Lakini usimdhanie kuwa alilala usingizi mzuri. Alijua sheria yake mwenyewe: tawi lina mti wake. Kama halikutoka juu ya ule, limetoka kwingine, na bila shaka ni kasuku weupe, wale wenye kishungi, ambao kazi yao ni kukata vitawi na kuvitupa kwa jeuri tu. Kwa hiyo mahali fulani, ndani ya mruko wa kasuku, uko mkaratusi mweusi wa kweli. Akiupata, atahamisha kibao mita chache, ama kilomita chache, na uongo wake utakuwa ni kosa dogo la mahali. Akachora duara kwenye ramani, akaligawa vyumba, na kila Jumapili saa tatu asubuhi akavaa buti akaenda kukagua chumba kimoja, mti kwa mti, shingo juu. Duara la kilomita kumi lilipokwisha akachora la kumi na tano. Alikuta magari mawili ya wizi, mbuzi wa watu, na meno ya bandia ya juu. Mkaratusi mweusi hakuukuta.

Mjini walimsifu. "Merv anapenda matembezi," walisema. Avis hakusema kitu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyefanya kazi kaunta ya posta mpaka alipostaafu, na akili yake ilikuwa kama droo za kaunta ile: kila kitu mahali pake, kimefungwa.

Mwaka huu ninaousema, Februari, chama kilikutana kwenye ukumbi wa zimamoto. Glenys akashika simu mbali na uso wake kama inanuka, akasoma: Dakta Ruwani Senanayake wa Melbourne anatengeneza upya ramani ya mikaratusi ya jimbo. Ameliona tawi la Bwana Pascoe kwenye makabati yao, linamvutia sana. Angependa kupata jingine bichi, lenye matumba, kutoka juu ya mti wenyewe. Atakuja na manati yake, Jumamosi ya tarehe sita Aprili.

"Manati?" Des Hocking akauliza. "Daktari mzima na manati?"

"Ni manati kubwa, Des, ina mguu wake. Inarusha kamba juu, wanavuta tawi."

"Huo ndio udaktari. Merv, bwana wee, umesikia? Mti wako unakwenda Melbourne!"

Merv alisema ni vizuri. Aprili, maua yakiwa bado mtini. Daktari angesema Julai angalau. Akauliza kama daktari hawezi kuja Julai kwa sababu ya nyoka, na Glenys akamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba daktari ana buti.

Wiki sita zile Merv alitoka siyo Jumapili tu, bali na Jumatano na Alhamisi. Miaka sabini na mitano, goti la kushoto limekwisha, anapanda majabali na fimbo. Duara la ishirini. Alikonda. Kitu kimoja kilikuwa kinamla: watu wa Moolarra wamemwamini kwa kila tawi walilomletea, na Jumamosi ile wote, wakiwa wameshika vikombe, wangeona kwamba aliyewakataza kuokota ndiye aliyeokota. Akionekana mwongo yeye, majina yote aliyowahi kuyataja yanaonekana uongo pamoja naye. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto aliyevunja dirisha la kanisa.

Ijumaa ya tarehe tano akarudi saa tisa alasiri, akaketi jikoni bila kuvua buti, jambo ambalo katika nyumba ile halijawahi kutokea. Avis alikuwa anamenya viazi.

"Buti," Avis akasema.

"Avis, nina neno."

Akaweka kisu chini. Baadaye alisema kwamba alidhani sasa ndiyo anaambiwa ni saratani.

"Lile tawi," Merv akasema. "La kibao. Sikulichuma. Niliokota chini."

"Basi?"

"Basi nini? Niliokota, mpenzi! Mti ule ni wa kijivu. Tangu Machi ile ile najua ni wa kijivu. Kesho yule daktari anavuta tawi lake mbele ya watu wote, na mweusi wenyewe sijaupata. Nimeutafuta miaka thelathini na moja."

"Ulikuwa unatafuta mti."

"Jumapili zote."

Avis akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Tawi la siku ile gari lilipochemka?"

"Siku ile ile."

"Ulilikuta nyuma ya mti? Upande wa kivuli?"

"Umejuaje?"

"Lilikuwa refu kiasi gani?"

"Kama mkono, mpaka kiwiko. Majani ya chini yamenyofolewa. Kasuku hao, wana tabia ya..."

"Si kasuku," Avis akasema. "Ni mimi."

Merv akamtazama.

"Nililivunja kwa mama asubuhi ile, kwenye ule mti wa kando ya birika la ng'ombe. La kufukuzia nzi. Nyumbani kwetu kila mtu anavunja lake akitoka nje, unanyofoa majani ya chini upate pa kushika. Mama alikuwa hatoki mlangoni bila usinga wake. Nikaja nalo njia nzima, na pale kilimani mkono ukachoka, nikalitupa."

Merv alikuwa anapiga hesabu, na ilionekana usoni kuwa hesabu haitaki.

"Kwa hiyo hapa hakuna mti," akasema mwishowe.

"Hapa hakuna mti."

"Haujawahi kuwepo."

"Kule kwa mama iko kama nyasi. Tulikuwa tunachomea mikate."

Merv akaangua kicheko kimoja, kikavu, akakinyamazisha mwenyewe. Maana alimwona mkewe. Avis alikuwa amekaa, jambo ambalo hakulifanya viazi vikiwa havijaisha.

"Mwaka wa kwanza nilidhani una mwanamke," akasema. "Mwaka wa tatu nikakufuata. Nilichukua gari la Glenys nikamdanganya nakwenda kwa daktari wa meno. Nikakuona umesimama porini peke yako, umeinua shingo, unakula sandwichi. Hakuna mwanamke. Nikarudi nimelia mpaka nikakosa njia. Angekuwa mwanamke, Mervyn, ningejua la kufanya. Lakini mtu anayeona heri asimame porini na nzi kuliko kukaa mezani na mimi, huyo nitamfanyaje?"

"Avis, siyo hivyo."

"Mimi nitajuaje siyo hivyo? Uliniambia?"

"Niliona aibu."

"Kwangu mimi?"

"Kwako wewe zaidi ya wote."

"Neno moja tu," Avis akasema, na sasa alikuwa na hasira, hasira ya mtu wa kaunta aliyeona barua ya miaka thelathini nyuma ya droo. "Ungeingia hapa ukasema, Avis, nimeokota tawi. Ningekwambia, hilo langu. Ungekuwa umekula chakula cha mchana nyumbani mwaka themanini na nane!"

Akachukua kisu akarudi kwenye viazi. Akamenya vingi kuliko walivyoweza kula wawili. Merv akavua buti, akakaa nazo mkononi.

Jumamosi walikuja wote kumi na mmoja, na skonzi, na keki ya matunda, na chupa nne za chai. Dakta Ruwani alikuwa binti mwembamba mwenye kofia kubwa, alimsalimu Merv kwa mikono miwili na kumwambia tawi lake ni moja ya yale yaliyohifadhiwa vizuri zaidi katika kabati zima. Akasimika manati yake. Ilikuwa kweli ina mguu. Mti umesimama juu yao, umechanua kichwa kizima, nyuki wanavuma.

"Tafadhali, kabla hujarusha," Merv akasema.

Aliwaambia. Alisema kwa maneno machache na sauti ya kusoma orodha ya bidhaa: aliokota, akatuma, akajua Machi, akanyamaza, akapanga Julai kwa makusudi, na mambo ya upara ni uongo. La usinga alisema tu kwamba lililetwa na mtu kutoka mtoni kwa bahati mbaya. Avis, aliyesimama nyuma na sahani ya skonzi, akasema kwa sauti, "Ni mimi," na akaendelea kugawa.

Des akaweka kikombe chake juu ya benchi.

"Ngoja kwanza," Des akasema. "Ile sheria ya kutookota chini. Mwaka tisini na sita ulinirudisha nyumbani kwa kitunda kimoja. Kitunda kimoja, Merv! Mbele ya shemeji yangu!"

"Nakumbuka."

"Na ulikuwa umeshaokota?"

"Nilikuwa nimeshaokota."

"Ah!" Des akasema, akatafuta tusi, akalikosa, akachukua skonzi.

Glenys akauliza kama liandikwe kwenye kumbukumbu za chama. Merv akasema liandikwe. Akauliza liandikwe kwa maneno gani, na Merv akasema kwa yale yale.

"Nirushe, nisirushe?" Dakta Ruwani akauliza, maana alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa mbili na nusu.

Akarusha. Kamba ikapita juu ya tawi mara ya kwanza, watu wakapiga makofi kwa kusahau, tawi likavutwa likaanguka limejaa maua. Akalitazama kwa lenzi kama dakika moja, kwa heshima, ingawa hata mpita njia angesema. "Kijivu," akasema.

Hapo ikawa kila mmoja alikuwa anajua siku zote. Mmoja alishangaa tangu zamani kwa nini juu ni laini. Mwingine alimwambia marehemu mumewe kuhusu majani. Mzee mmoja, aliyekuwa amepigwa picha na ule mti mara nane, alisema hakuupenda tangu mwanzo. Hawakumtukana Merv. Walimpa chai, wakamwuliza goti likoje. Lakini mama mmoja mgeni, aliyehamia mjini Januari, alikuwa amekuja na kijitawi ndani ya mfuko wa mkate ili amwulize. Merv alimwona akiutoa mfuko, akafikiri, kisha akaurudisha kwenye pochi na kwenda kumwuliza daktari. Hilo lilimchoma kuliko yote ya siku ile, na alilistahili, na kulistahili hakukumpunguzia maumivu.

Kibao bado kipo. Halmashauri imeambiwa, wanakiangalia.

Jumapili saa tatu asubuhi Merv alijikuta amevaa buti. Mguu ulikuwa umezoea, haukuwa na habari. Akasimama barazani, hajui aelekee wapi, ramani ya maduara iko mezani haina tena chumba cha kukaguliwa. Avis akatoka, amefunga kichwa kitambaa, kapu mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Panda gari."

Avis ndiye aliyeendesha. Mwendo wa karibu saa tatu kuelekea kaskazini, ngano iliyovunwa kushoto, ngano iliyovunwa kulia, na kati yao hawakuzungumza ila juu ya lori moja lililobeba kondoo vibaya. Shamba la mama liliuzwa zamani, nyumba ina watu wengine na boti uani. Avis akalipita. Akakata kona ya udongo inayoshuka kwenye bonde la mafuriko, akazima gari.

Ilikuwa huko. Kulia, kushoto, mpaka mwisho wa macho: mikaratusi myeusi, mifupi, imepinda, gome la kukwaruza limepanda toka chini mpaka kwenye kitawi cha mwisho, majani ya rangi ya jivu yakining'inia. Mamia. Ng'ombe walikuwa wanajikuna migongo kwenye michache. Merv alishuka, akaenda kwenye mti wa karibu, akaweka kiganja juu ya gome. Lenzi hakuitoa, hata kipofu angeutambua mti ule kwa mkono. Alisimama hivyo muda mrefu, mgongo kwa mkewe, na mabega yakaanza kutikisika. Hakuwa anaulilia mti. Alikuwa na miaka sabini na mitano, na alikuwa ameutoa umri wa mtu mzima, Jumapili kwa Jumapili, kwa kitu ambacho mkewe alikitupa akakisahau.

Avis alimwacha. Akatandika kitambaa kwenye kivuli, akatoa sandwichi za kondoo baridi na achari, akamimina chai vikombe viwili, akakiweka cha pili upande wa pili. Merv alipokuja alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa shati. Akakaa kwa shida, kwa ajili ya goti.

Walikula. Nzi walikuwepo, siyo wengi. Merv akamaliza chai yake.

"Avis. Ulikuwa unafanya nini, hizo Jumapili?"

Avis alimtazama kuona kama anauliza ili aonekane ameuliza. Akaona hapana.

"Zote?"

"Zote."

"Ni elfu moja mia sita na kitu, Merv."

"Sina pa kwenda."

Avis akatazama ng'ombe. Akajimiminia chai nyingine, akakiweka kikombe chini ili mikono iwe huru.

"Ya kwanza," akasema, "nilipika ya watu wawili, nikakungoja mpaka saa kumi."